Daftari la Shukrani la Mama Ochoki

Wiki mbili nzima Mokeira alitembea na faili ya bluu kifuani kama mtu amebeba mtoto mchanga. Alikunywa chai nayo, alilala nayo, na mvua ilipomkuta Kebirigo aliifunga ndani ya sweta, akalowa yeye mpaka soksi. Wacha alowe! Ndani kulikuwa na kadi ya ulemavu ya kaka yake Ochoki, barua ya chifu, na fomu ya daktari yenye mihuri miwili. Mmoja ulikuwa umefifia, akarudi Nyamira kuomba upigwe tena.

Mambo yalikuwa hivi. Watu waliokuwa wakipata msaada wa serikali kwa ulemavu mkubwa walikuwa wanakaguliwa upya, boma kwa boma. Ukikosa ushahidi, jina linatoka. Na msaada huo ndio ulinunua dawa ya kifafa ya Ochoki, kikabaki kidogo cha kumpa Nyakerario, jirani aliyekuja asubuhi na jioni kusaidia kumbeba. Ukikatika, Mama angebaki kumwinua peke yake mwanaume wa miaka ishirini na sita, na mgongo wake ulishachoshwa na kuchuma majani chai zamani.

"Imebaki kitu moja tu, Mama!" Mokeira alimwambia kwa simu kutoka chuoni Kisii, maneno yakikanyagana. "Wanataka kujua siku ya Ochoki inaendaje. Chukua daftari. Akianguka, andika. Akishindwa na kijiko, andika. Usifiche!"

"Niandike na Kiswahili?"

"Andika na Ekegusii, afisa nitamsomea mimi."

"Sawa mama yangu. Nitaandika yote vile Bwana ametenda," Mama akamjibu.

Hapo ndipo Mokeira angepaswa kushtuka. Hakushtuka. Alikuwa ameshakata simu, anakimbilia fotokopi.

Siku ya ukaguzi alishuka kwa bodaboda saa tatu na nusu, akapanda kijia cha migomba akiimba. Akafungua mlango. Wimbo ukakatika.

Vitambaa vya makochi vilikuwa vimefuliwa vikapigwa wanga mpaka vikasimama wima. Sakafu ilimeremeta. Ndizi zilitokota jikoni. Na kwenye kochi kubwa, katikati ya mito minne, alikaa Ochoki ndani ya suti ya Sabato, na tai, na viatu vinang'aa.

"Kaka, unaoa leo?"

Maneno ya Ochoki hutoka moja moja, lakini kila moja limenolewa. "Bibi harusi... amesema... saa nne."

"Mama! Kiti chake cha magurudumu kiko wapi?"

"Nyuma ya jikoni. Magurudumu iko na matope."

"Si ndio afisa aone!"

"Mgeni aone matope? Kwa nyumba yangu?" Mama alimwangalia kama mtu aliyetukana kanisani. "Chuo imekufundisha hivyo?"

Kabla Mokeira hajajibu, hodi ikabishwa. Afisa alikuwa msichana wa mjini Kisii, Istarlin, amejitanda mtandio wa kijani, kalamu tayari. Macho yake yalizunguka kwenye vitambaa, kwenye tai, kwenye viatu.

"Ochoki ndiye nani?"

"Ni mimi," Ochoki akasema, na tabasamu la mtu anayetafuta kura.

"Karibu Madam, karibu kabisa!" Mama akasema. "Hapa hatuna shida yoyote. Tunamshukuru Mungu."

Mokeira alitamani kutafuna faili.

Istarlin alipitia karatasi moja moja. "Hizi ziko sawa. Lakini kadi ni ya kitambo, na mimi nimetumwa kuona maisha ya leo. Anajisaidia mwenyewe?"

"Anajaribu sana," Mama akajibu kwa fahari.

"Kuna daftari!" Mokeira akaruka. Akalifungua, mara yake ya kwanza. Kila siku ilianza na shukrani. Kila siku! Mama ni mtu wa ushuhuda. Kila Sabato husimama kanisani, na ni nani amewahi kumsikia akisimama kulalamika mbele ya watu?

Mokeira akaamua kujitungia. "Jumatatu. Leo ni siku ya majonzi makubwa. Ochoki amelia kutwa nzima..."

"Nani... amelia?"

"Kaka, nyamaza, nakutetea."

"Unanizika. Soma... vile imeandikwa."

Istarlin aliinua kalamu. "Dada, soma ya Mama."

Masikio yakiwaka, Mokeira akasoma kwa Kiswahili.

"Jumatatu. Asante Mungu, leo Ochoki ameanguka mara mbili tu. Jana zilikuwa nne. Jumanne. Asante, kifafa kimemshika kabla tuwashe moto, kwa hivyo hakuungua. Jumatano. Mungu ni mwema, Nyakerario alikuja mapema, Ochoki hakukaa kwa mkojo mpaka saa tatu."

"Hiyo... ungeruka."

"Si umesema vile imeandikwa!"

Istarlin alijiziba mdomo, lakini kalamu yake ilikuwa inakimbia. "Endelea."

"Alhamisi. Nashukuru kwa kijiko. Kimefika mdomoni mara moja bila kumwaga, tukapiga makofi. Ijumaa. Mgongo umenikataza kumwinua, tukamwogesha akiwa sakafuni, lakini tulimaliza kabla jua lizame. Amina."

Istarlin akamaliza kuandika, akaitazama suti ya Ochoki.

"Mama Ochoki," Istarlin akauliza polepole, "hiyo suti, mlianza kumvalisha saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Saa moja tulikuwa tumemaliza." Mama akachangamka. "Leo mkono wa kushoto ulikubali haraka!"

"Masaa mawili," Istarlin alisema, akaandika. "Na nikitoa huu mto?"

"Ukitoa," Ochoki akajibu, "shika mimi... kwanza."

Alimshika. Walikuwa watatu kumtoa kwenye kochi, Mama akihesabu moja-mbili-tatu kwa Ekegusii, mpaka kwenye kiti kilicholetwa mbio na matope yake yote. Istarlin akaandika hayo pia. Hakuondoka bila kula ndizi. Mama angemfungia mlango.

Wiki tatu baadaye Mokeira alikuwa anapanda kilima cha Nyanchwa wakati chifu alipopiga simu: jina la Ochoki limebaki. Mokeira alipiga ukemi wa furaha, mtu wa bodaboda akafunga breki ghafla, kuku wakatawanyika. Akapigia nyumbani, akapiga ukemi tena, hata salamu hakutoa.

"Tumesikia," Ochoki akasema. "Chifu alianza... na sisi. Mama ameshika daftari. Anaandika... asante Mungu, Mokeira amepiga kelele... mara moja tu."

"Mwambie asifunge daftari!" Mokeira akasema, akavuta pumzi apige tena.