Shayiri ya Kiti cha Oxmere

Je, umewahi kumwona mtu anayelishwa na kiti asichokikalia? Bwana Fulk Tressel alilishwa hivyo miaka kumi na tisa. Kiti chenyewe kilikuwa katika safu za waimbaji wa kanisa kuu, cha nne ukitokea mlangoni, cha mti mweusi uliosuguliwa kwa nta, na juu yake pameandikwa Oxmere. Oxmere ni kijiji, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Shayiri yake, sufu yake, jibini yake na bata bukini wake ndio uliokuwa ujira wa kanoni wa kiti kile, yaani padre wa baraza la kanisa kuu. Bwana Fulk mwenyewe aliishi ng'ambo ya bahari, kwenye mji wa Papa, na kiti hakijapata kumwona.

Kanuni ilimruhusu, ilmradi aweke padre mdogo wa kumwimbia zaburi. Akawekwa Padre Hamo, mtoto wa mjane Isolda, mzaliwa wa Oxmere hiyo hiyo. Kinywa kikaimba huku, tumbo likashiba kule. Hamo alipewa mkate mmoja kwa siku na kikombe cha bia, mradi awe amesimama mahali pake akiimba kabla zaburi ya kwanza haijaisha. Nusu ya mkate alikula. Nusu aliikausha dirishani, na kila Jumamosi akampa Wymark, jirani yao mwenye mkokoteni wa sufu, ampelekee mama. Wymark alirudi na salamu zilezile: mama hajambo, anasema usikose mkate.

Oxmere haikuwa na padre. Kile ambacho kingemtunza padre kilikuwa kinamtunza kanoni. Watoto walibatizwa siku padre akipita njia, na wafu walizikwa na majirani.

Mwaka wa kumi na tisa, wiki moja baada ya Pasaka, shayiri ikaota kwenye kiti. Gocelin, mtunza kanisa, aliitazama, akaenda kuleta kitambaa cha kufutia tope. Alhamisi yake mvua ya Oxmere ikanyesha juu ya kiti hicho tu, na Hamo akaimba amejifunika joho kichwani. Padre Piers, aliyesimama kiti cha tano, akasogeza kitabu chake kisilowe.

"Ukivuna, ndugu yangu, usitusahau kwenye bia," alisema.

Makanoni waliokuwepo wakakaa kikao, wakaamua kwamba lolote kiti kitakalozaa ni la mwenye kiti. Gocelin akanunuliwa mundu.

Kufikia Juni shayiri ilimfika Hamo kifuani. Ndani yake zilisikika sauti za nyumbani: bata, kinu cha maji, halafu kikohozi. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Hamo alikijua tangu utotoni. Akaenda kwa mkuu wa makanoni kuomba siku tano, akampake mama yake mafuta ya wagonjwa. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimkatia kipande cha jibini, akamweleza kwamba ruhusa ni ya Bwana Fulk. Barua ikiondoka leo, jibu litafika karibu na Krismasi. Padre anayeondoka bila ruhusa, nafasi yake hupewa mwingine, na mkate pia. Hamo akafikiria ile nusu ya mama, akashukuru, akarudi kuimba. Jibini ilikuwa ya Oxmere.

Shayiri ilipogeuka rangi ya dhahabu, jioni moja katikati ya masifu, kikohozi kilinyamaza. Jioni iliyofuata Isolda akatokea kati ya masuke, ushungi kichwani, miguu ina udongo, akaanza kung'oa magugu. Padre Piers akajibana kumpisha.

"Umekula?" Isolda aliuliza.

"Nimekula, Mama. Nani alikuombea kaburini?"

"Wymark. Alisema alichokumbuka. Nadhani ilikuwa sala ya ubatizo."

Hamo akaiacha zaburi, akamsomea sala ya wafu, polepole, yote, bila kuruka neno. Kwa kuwa hakuimba zaburi ya siku, hakupewa mkate.

Gocelin alivuna Jumatatu. Yalitoka magunia matatu, yakashonwa midomo, yakaandikwa jina la Bwana Fulk, yakapelekwa bandarini. Kiti kikabaki na mabua. Isolda aliendelea kuja kila jioni, akiinama kuokota masuke yaliyoanguka. Hakuna aliyemzuia, kwani masazo ya shamba ni haki ya wajane.

Jioni ya tisa hakukuwa na suke lililobaki. Isolda alikunja aproni yake, akaketi ukingoni mwa kiti, karibu na mkono wa mwanawe. Zaburi ya kwanza ilikuwa haijaisha, na Hamo aliimba huku amemwinamia.

"Mkate wako ulikuwa mgumu," Isolda alisema. "Nikauloweka kwenye mchuzi wa njegere."

"Najua, Mama."

"Na zile salamu, za usikose mkate."

"Zilifika zote."

Isolda aliondoa bua moja lililonasa kwenye joho la mwanawe.

"Nilikuwa nataka uje," alisema.