Spika ya Miguuni

Ulikuwepo, usijitie hamnazo. Ulisimama safu ya kumi au ya kumi na moja, karibu na nguzo ya taa. Sauti ya mpiga gitaa ilipokatika katikati ya jina, uliinamisha kichwa ukaanza kukagua viatu vyako kana kwamba umevinunua asubuhi ile. Watu elfu mbili mlikagua viatu. Kisha kiitikio kikaingia, ngoma zikajibu, mkacheza. Miaka ishirini na miwili imepita na hicho kiitikio bado mnakichezea harusini, mikono juu, jasho linawatoka, wala hakuna anayeuliza kilikuwa kinaitikia nini.

Mtu mmoja tu hakukagua viatu siku ile, kwa sababu macho yake yalikuwa yameganda kwenye mkono wake mwenyewe. Ni fundi wa mitambo ya sauti. Watu humwita Mama Waya, ingawa hakuwahi kuzaa. Mtoto wake, husema yeye mwenyewe, ni huu waya mweusi wa mita hamsini, na huo haujawahi kumwomba pole wala kumletea mkwe.

Tuanze na kiwanda, maana mnapenda kuanzia kwenye ngoma. Kiwanda cha mashati kiliungua mchana kweupe, saa za kazi, milango imepigwa kufuli kwa nje ili mtu asitoroke na kipande cha kitambaa. Walikufa kumi na wanne. Kampuni ikatoa tangazo lenye nambari kumi na nne, basi, kwa sababu daftarini waliandikwa kwa nambari. Lakini mle ndani walikuwa wamepeana majina yao wenyewe. Kulikuwa na Kola. Kulikuwa na Bibi Pasi. Kulikuwa na Twiga, aliyefikia rafu ya juu bila ngazi. Na wa kumi na mbili alikuwa Vifungo, mdogo wake Mama Waya, msichana aliyeshona vifungo mia nne kwa zamu na kucheka kwa sauti ya kuku aliyetaga.

Wimbo wa majina hayo ulitungwa na wafanyakazi wawili waliookoka. Mmoja alikuwa fundi cherehani wa kiwanda, mtu wa gitaa na sauti ndogo, anayeimba kama anayezungumza na mgonjwa. Wakamwita Taratibu. Ndiye aliyekuwa amchumbie Vifungo mwezi uliofuata. Mwingine alikuwa mpakiaji wa makasha, koo kama honi ya lori. Huyo wakamwita Radi. Taratibu alitunga majina, Radi akatunga kiitikio: fungua, fungua mlango. Wakapanda jukwaani pamoja mara moja tu, siku ile ya viatu vyenu. Tangu hapo hawakusalimiana. Radi akaondoka na kiitikio akawa mtu mkubwa. Taratibu akabaki na majina barazani kwake, akitengeneza cherehani za watu.

Mwaka huu wazo lilimwingia Mama Waya likakataa kutoka. Ziara. Radi na Taratibu, jukwaa moja, miji kumi na minne, mji kwa kila jina. Alilichora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita: Radi, wachezaji ishirini, mashine ya moshi, spika za kutikisa mabati ya majirani. Taratibu, kiti.

Hakutulia tena. Alikunja nyaya, akazikunjua, akazikunja upya. Alikuwa akilehemu plagi, mara ananyanyuka kwenda kuangalia kalenda, anarudi anakuta chuma kimeunguza meza. Kichwani mwake ziara ilikuwa imeshaondoka. Radi anataka moshi, Taratibu anakohoa. Taratibu anataka watu wakae, watu wa Radi hawajui kukaa tangu wazaliwe. Mji wa tatu Radi analala garini mdomo wazi, Taratibu anamfunika koti lake na kujifanya limedondoka. Hilo la koti alilifuta. Baadaye akaliandika tena.

"Hao wawili," alisema fundi redio anayegawana naye karakana, "ukiwapanga jukwaa moja, panga na gari la wagonjwa."

"Wewe tengeneza redio."

"Natengeneza. Ndiyo inanipa habari."

Siku moja asubuhi alimfuata Taratibu. Alimkuta amefungua cherehani tumbo, mikono imejaa mafuta, gitaa limeegemea ukuta. Nywele zimemwisha, sauti ni ileile.

"Karibu, shemeji. Leo umekuja na waya au umekuja peke yako?"

"Niimbie majina."

Hakumuuliza kwa nini. Alipangusa mikono akaimba hapohapo bila gitaa, huku jicho moja liko kwenye mashine. Alifika jina la tisa, la kumi, la kumi na moja. Akanyamaza. Akatazama ukuta, akatazama viganja vyake.

"Halafu anakuja nani?" aliuliza, polepole, kama mtu aliyesahau miwani. "Usiniambie. Ninaye. Alikuwa na kicheko cha ajabu."

Mtu mmoja tu duniani aliimba jina hilo kwa mlio lililotungiwa, na lilikuwa linamponyoka kwenye meno. Wengine hamkuwahi kulisikia. Siku ile sauti ilikatika kwenye la nane.

"Vifungo," alisema Mama Waya.

"Ndiyo huyo. Nilikuwa naye hapa." Akainamia cherehani yake muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Alipomtajia Radi, Taratibu aliweka bisibisi chini. "Yule bwana aliniingilia, shemeji. Niko jina la nane, sauti yangu naisikia safi kabisa, na yeye ananifunika kwa kiitikio. Alikuwa amepangwa na wakubwa. Sina la kuzungumza naye."

Mchana huohuo alikwenda kwa Radi, kwenye ukumbi wa mazoezi, akapita kati ya wachezaji walionyoosha miguu sakafuni. Radi alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Dada, kama ni kuhusu spika, zungumza na meneja."

"Ni kuhusu Taratibu."

Miwani ikatoka. "Yule aliniacha peke yangu, dada yangu. Jina la nane, kimya. Midomo inacheza, sauti hakuna. Nikajua woga umemkamata. Watu wameganda, mimi nifanye nini? Nikapiga kiitikio kuwaokoa. Na hadi leo ananiona mimi ndiye msaliti."

Mama Waya alikaa kwenye kasha lililokuwa karibu bila kukaribishwa. Mmoja aliisikia sauti yake safi kabisa. Mwingine hakusikia kitu. Siku moja, wimbo mmoja, jina moja.

Sasa msikilize vizuri, maana hapa ndipo watu hupenda kutazama pembeni. Siku ile, Taratibu alipoanza jina la nane, bwana mmoja wa manispaa alisimama nyuma ya meza ya sauti, akamwekea Mama Waya vidole viwili begani, akasema kwa upole, "Huyo mshushe." Na yeye, dada wa marehemu, akamshusha. Alitelezesha kitufe mpaka chini. Hilo alilijua na kulibeba miaka yote, akidhani wale wawili nao wanajua kuwa sauti ilikatwa, wanagombea ukubwa tu kama wanamuziki wanavyogombea. Asichokijua mpaka alipokaa kwenye kasha lile ni kosa la pili, kosa la haraka. Alizishusha spika za mbele zinazowapelekea watu. Spika ndogo ya miguuni, ile inayomrudishia mwimbaji sauti yake, aliisahau. Taratibu aliendelea kujisikia akiimba. Radi, aliyekuwa amesogea ukingoni mwa jukwaa karibu na watu, akasikia kimya. Kitufe kimoja kimewatenganisha watu miaka ishirini na miwili, na mwenye kidole alikuwa akikunja nyaya.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Alirudi karakana, akazunguka meza mara nane, akamtuma fundi redio kwa Taratibu na yeye mwenyewe akamrudia Radi. Hakumwambia yeyote kuwa mwenzake anakuja.

Walipokutana mlangoni mwa karakana kila mmoja aligeuka aondoke. Fundi redio alikuwa amejibandika kizingitini na hakubanduka.

"Dakika tano," alisema Mama Waya. "Kisha mkitaka mtanipiga mimi." Alimweka Taratibu mbele ya spika ndogo sakafuni na kumpa maiki. Kisha akamsimamisha Radi nje uani, mbele ya spika kubwa mbili. "Imba majina."

Taratibu akaimba. Kwenye jina la nane, Mama Waya akatelezesha kitufe. Uani kukawa kimya. Ndani Taratibu aliendelea, la nane, la tisa, macho amefumba, anaisikia sauti yake safi kabisa.

Radi alitokea mlangoni. Alitazama midomo inayocheza, akatazama spika ndogo, akautazama mkono wa Mama Waya ambao ulikuwa haujaondoka kwenye kitufe.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Hakuna aliyempiga. Taratibu, alipoelezwa, aliomba jaribio lirudiwe. Akasimama uani zamu hii na Radi akaimba ndani, kiitikio chote, na Taratibu akaona koo lile la lori linahangaika bila mlio.

"Kumbe ndivyo unavyopendeza," alimwambia Radi. "Ungekuwa hivi siku zote tungeelewana."

Radi alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati, ikabidi atazame nje. Kisha akamwambia Mama Waya bila kugeuka, "Ulimfungia mdogo wako mlango mara ya pili, dada."

"Najua. Ndiyo maana nataka ziara."

Kituo cha kwanza kilikuwa uwanja ulio mkabala na kiwanda, Jumamosi, saa kumi alasiri. Ulikuja, usikatae. Ulikuja kwa ajili ya moshi na wachezaji, ukasimama nyuma kama kawaida yako. Jukwaani kulikuwa na kiti kimoja. Radi alisimama pembeni yake mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Mama Waya alikuwa kwenye meza yake ya sauti katikati ya umati.

Kola akapita. Bibi Pasi akapita. Twiga. Radi akawa anaitika chinichini, fungua, fungua mlango, na watu waliokuwa wamenyanyua mikono wakaishusha mmoja mmoja, kwa sababu kwa mara ya kwanza walijua mlango upi.

Jina la saba lilipokwisha, vidole viwili vilitua begani kwa Mama Waya. Bwana mwingine, kijana zaidi, upole uleule.

"Mama, huyo mshushe."

Mama Waya aliinua makalio kidogo, akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Mikono haipo."

Bwana hakubishana. Alikwenda kwenye jenereta akaizima mwenyewe. Spika za mbele zikafa, na safari hii ile ya miguuni ikafa pamoja nazo. Taratibu alishtuka, akatazama miguuni pake, akatazama watu. Akaendelea. Sauti yake tupu ilifika safu ya tatu ikachoka.

Radi aliruka chini kutoka jukwaani. Angeweza kupayuka, koo analo, na uwanja mzima ungelisikia koo lake. Hakupayuka. Alisogeza sikio kwa Taratibu, akalichukua jina la nane, akamgeukia mama aliyekuwa mbele kabisa.

"Kama kule kiwandani, mama," alisema. "Pokea, peleka nyuma."

Mama yule alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye mashine. Alipokea, akapeleka. Jina likasafiri kama shati kutoka kwa mkasi kwenda kwa pasi, mkono kwa mkono, mdomo kwa mdomo. La nane. La tisa nyuma yake. La kumi. La kumi na moja lilimpita Mama Waya sikioni akalipeleka, akageuka haraka kutazama jukwaani.

Taratibu alikuwa amenyamaza. Alitazama viganja vyake. Midomo ilikuwa ikitafuta. Radi alimtazama, akabana meno. Yeye kiitikio alikuwa nacho, majina hakuwahi kuwa nayo. Bwana wa jenereta akapumua kama mtu aliyemaliza kazi, akaanza kuwaashiria watu watawanyike, na wa pembeni wakaanza kutawanyika.

Mama Waya alipanda juu ya kiti chake. Miaka yote alikuwa ametumikia sauti za wengine. Yake hakujua hata ina urefu gani. Akalisema, kwa mlio lililotungiwa, kwa sauti mbaya ya mtu asiyeimba: Vifungo. Likapasuka njia mbili. Moja ilikwenda mbele, na Taratibu akaipokea kwa mikono yote, uso ukamfunguka, akaanza kutafuta la kumi na tatu. Nyingine imekuja nyuma, huku uliko.

Imefika safu ya nane. Imefika ya tisa. Aliye mbele yako amegeuka, analo mdomoni, anakutazama wewe. Bwana wa jenereta naye anakutazama. Viatu vyako viache, vimekaguliwa vya kutosha. Nyuma yako kuna watu ambao hawajalisikia, na yamebaki majina mawili na miji kumi na mitatu. Inua kichwa. Lipokee. Lipeleke nyuma, kwa sauti, sasa hivi.