Simu ya Otim Getini

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, nakubali kabla hujaniuliza. Kazi yangu yote ni kuhakikisha simu hazifiki kwenye geti la kambi, na iliyofika niliibeba kwa mkono wangu mwenyewe.

Kibanda changu kiko ng'ambo ya barabara, nje kidogo ya Jinja, upande wa kuelekea Budondo. Wanajeshi wa ghala la silaha hawaruhusiwi kuingia na simu, kwa hiyo wanaziacha kwangu, kila mtu na kibao chake cha namba. Wakipanga foleni nawatania. "Afande, huyu 'Fundi Bomba' anayekupigia kila asubuhi, bomba lenu bado linavuja tu?" Wanacheka, wanaingia kazini.

Asubuhi hiyo Otim hakucheka. Mkewe, Norah, alikuwa hospitali Mbale tangu jana yake, uchungu umemshika na mtoto hatoki. Ruhusa aliomba, akanyimwa.

"Magid," akaniambia, "hii yangu usiizime."

Saa nne simu yake ikalia, nikapokea. Alikuwa Cissy, dada yake Norah. Madaktari wanataka kumpasua, akasema, na Norah amekataa, kwa sababu mama yao alipasuliwa hivyo hivyo asirudi. "Anasema ataingia akisikia sauti ya Otim tu. Mpe simu."

"Usikate. Nampelekea."

Nikavuka barabara mbio, simu nimeinua juu kama mtu anayetafuta mtandao. Nilitaka mlinzi asikie mwenyewe, asije akadhani ni utani wangu wa kila siku. Zamu ilikuwa ya Koplo Yekosofati, mtu ambaye hata salamu anaikagua kwanza.

"Simama. Hapana pita. Hiyo nini?"

"Afande, ni mke wa Otim, yuko hospitali..."

"Nauliza hiyo nini."

"Simu, afande."

"Na imewaka. Wewe napiga picha ya geti?"

Akaninyang'anya. Sauti ya Cissy ikatoka kiganjani mwake, "Otim? Ni wewe?", naye akabonyeza mpaka ikazima.

Nikaketishwa chini, nimngoje ofisa wa usalama aliyekuwa mjini.

"Basi mtume mtu amwambie Otim tu, afande."

"Utajieleza kwa mkubwa. Nyamaza."

Paa la ghala nililiona pale nilipokaa. Otim alikuwa chini yake, anahesabu masanduku. Saa tano ikapita, ikaja sita. Adhuhuri ikaadhiniwa, na sikuruhusiwa hata kunawa.

Saa nane Otim akatoka, akanikuta mavumbini. Simu yake ilikuwa imeshafungiwa ofisini mpaka ofisa arudi. Nikampa yangu. Akaishika, akaitazama, akanirudishia. Namba ya Norah, namba ya Cissy, zote zilikuwa ndani ya ile nyingine, na hakuna aliyezijua kwa kichwa. Ruhusa ya kwenda Mbale, ile ya kunyimwa, sasa ikatoka kwa dakika moja, nami nikaachiliwa. Tukapanda gari wote wawili. Hakunialika, ila mimi kubaki sikuweza, na njia nzima sikupata utani hata mmoja wa kusema.

Cissy tulimkuta kwenye korido ya wodi. Norah alikuwa ameisubiri ile sauti mpaka saa saba, alipozimia, ndipo wakamwingiza bila kumuuliza tena. Yeye yuko hai. Mtoto, wa kiume, yuko kwenye oksijeni, na daktari haahidi kitu.

Otim akaingia ndani. Nikabaki na Cissy.

"Dada, nilikimbia. Wallahi nilikimbia. Aliyezima simu ni yule koplo."

Cissy akautazama mlango alioingilia Otim.

"Sheria yao ndiyo mbaya. Ningefanya nini mimi, na simu hairuhusiwi kupita?"

"Ungeiacha kibandani, ukaenda kumwita," Cissy akasema. "Walikataza simu. Jina la mtu hawakulikataza."