Oveni ya Mama

Ukitaka kujua shule ya Ohel Dov ikoje, usimuulize mzazi mmoja. Hapa Glenhazel, mtaa wetu wa Wayahudi Johannesburg, kila mtu ana Ohel Dov yake. Shoga yangu Tammy Garb akisikia jina hilo anasonya. Alimtoa mwanawe huko baada ya kuitwa ofisini na kuelezwa, kwa upole mwingi na chai mkononi, kwamba mtoto anayetazama televisheni siku ya Sabato anawaharibu wenzake. Jirani yetu wa upande wa pili naye anaapa kwamba bila shule hiyo binti yake angekuwa amepotea kabisa. Mimi naipenda na inanikera, mara nyingine yote mawili kabla sijamaliza kikombe kimoja cha kahawa.

Naipenda kwa sababu ya Ayala. Alifika miaka sita hajui kusoma hata jina lake, na kwenye shule yake ya kwanza walishaanza kunitajia madaktari. Huko Ohel Dov alimkuta Mwalimu Kineret, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akamkalisha karibu na meza yake, akamshika kidole na kukipitisha chini ya kila herufi, kila siku, bila kuchoka na bila kumwita mzito. Ijumaa moja usiku mtoto akafungua kitabu mezani, akasoma baraka ya divai mwanzo hadi mwisho. Mume wangu Darren alitoka nje akajifanya anamtafuta mbwa. Kwa hilo tu, shule ile ingeniambia nitembee kwa mikono ningetembea.

Lakini hakuna mtoto wa darasa lake aliyewahi kukanyaga kwetu. Tukialika, huyu ana mafua, yule amefikiwa na wageni kutoka Cape Town, mwingine simu ya mama yake haipatikani. Hakuna aliyenitukana, na ningependa hata mmoja anitukane, nijue pa kumshika. Sababu niliijua. Sisi si watu wa ukoo wa marabi. Kwetu tulikwenda sinagogi kwa gari siku ya Sabato tukaliegesha kona ya pili, maana kuendesha siku hiyo ni mwiko, na nguruwe hatukumla, ila jibini hatukuiuliza ilikotoka. Akina mama wale hawakuamini kwamba jiko langu ni kosher, yaani linafuata sheria zetu za chakula. Ayala alianza kuniuliza kama ananuka.

Hapo ndipo nilipoamua. Kabla ya siku ya Ayala ya kutimiza miaka minane, rabi alikuja na mtungi wa gesi akaipiga moto oveni yangu kuitakasa, mpaka ikawa nyekundu ndani. Nilitupa sufuria, nikanunua sahani za nyama na sahani za maziwa, maana viwili hivyo havikutanishwi, Darren akakiaga kikaangio chake alichokipenda kuliko ndugu zake. Sikufanya kwa ajili ya Mungu, nisidanganye. Nilitaka mwanangu awe mmoja wao, basi.

Na kuwa mmoja wao kulipitia mikononi mwa Estie Brauer. Binti yake Ruchi anasoma na Ayala, na akina mama wote wa darasa lile humtazama Estie kwanza. Ruchi akila kwako, wote watakula kwako. Estie alikuja Alhamisi, eti kuniletea viti vya ziada vya sherehe ya Ayala ya Jumapili. Aliomba maji, akafungua friji mwenyewe, akachukua muda wake humo ndani. Mwishowe akasema, "Umejitahidi, mama Ayala." Sikujua kama nimefaulu au nimehurumiwa.

Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki, nalo ni mama yangu. Mama, Merle kwa jina, ni mjane anayeishi Benoni, na jiko lake lina sheria zake mwenyewe alizorithi kwa mama yake na kuzilegeza kidogo kila muongo. Kuku hununua duka lolote lililo karibu. Ayala anamwita Bobba, yaani bibi, na anampenda kufa. Nilimwambia Mama asije mapema, aje jioni wageni wakishaondoka. Nikamwambia watoto watampigia kelele, kichwa kitamuuma. Akasema sawa.

Jumapili ikafika na wasichana wakafika, kweli wakafika, na mama zao wakakaa bustanini chini ya mwavuli mkubwa. Meza ilikuwa imejaa: samaki wa kukaanga, mikate midogo, keki niliyoioka kwenye oveni ile iliyopigwa moto. Hakuna aliyegusa. Watoto walizunguka meza wakicheza, macho yakiibia sahani, na kila mmoja alimwangalia mama yake, na kila mama alimwangalia Estie. Nilijishughulisha na kukunja leso za karatasi zilizokwisha kukunjwa. Nilijichukia kwa hilo.

Estie aliinuka taratibu, akachukua kipande cha keki, akanong'ona baraka, akala. Kisha akamkatia Ruchi. Baada ya hapo ilikuwa mikono tu mezani, na Ayala alinitazama kutoka kwenye ule msongamano kwa uso ambao sijawahi kuuona kwake. Ningeweza kulia pale pale. Darren alinifinya bega.

Ndipo mlinzi akapiga simu kutoka getini. Bibi amefika, nimfungulie?

Mama aliingia bustanini akiwa amevaa gauni lake la sinagogi, amebeba trei iliyofunikwa kwa kitambaa, na harufu ya mdalasini ikaingia naye. Zilikuwa skonzi zake, zile alizonipikia kila siku yangu ya kuzaliwa tangu niwe na meno. Alisema hakuweza kungoja, mjukuu ni mmoja. Akaitua trei katikati ya meza yangu, akafunua kitambaa, na mkono wa Ruchi Brauer ukaenda moja kwa moja kwenye skonzi ya juu.

"Ruchi," Estie aliita. Hakupaza sauti. Mkono ukasimama.

Akina mama wale hawakumtazama Mama, walinitazama mimi, na nilielewa walichokuwa wakiuliza. Nikiziacha skonzi mezani, basi hata keki yangu haiaminiki tena, na kesho mafua yatarudi darasa zima. Nikiziondoa, nitakuwa nimemwaibisha mama yangu mbele ya watu. Aliyesema alikuwa Ayala, kwa sauti safi ya mtoto anayejua jibu darasani.

"Bobba, hatuwezi kula hizi. Jiko lako si kosher."

Mama alicheka kidogo, akawageukia wale wanawake na siyo mimi. Akawaeleza kwamba amefikiria hayo yote. Unga, siagi, sukari, kila kitu kina muhuri wa marabi, aliusoma kwa miwani dukani. Hata trei ni mpya, na aliipeleka mwenyewe kwenye bwawa la kutakasia vyombo, akaizamisha na kusoma baraka iliyobandikwa ukutani. Alikuwa akiongea haraka. Nilikuwa sijui kwamba Mama anajua hata bwawa hilo liko wapi, na picha yake akiinama pale peke yake na trei mkononi ilinichoma.

"Na oveni, Bobba?" Ayala aliuliza. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anafuatilia somo.

"Oveni ni ile ile, mpenzi wangu," Mama alisema. "Ndiyo iliyomlea mama yako."

Nikaichukua trei. Ilikuwa bado ya moto chini, na mikono yangu yote miwili ikiwa imejaa, nikaenda nayo kuelekea gereji. Mama alinitangulia akanifungulia mlango. Aliushikilia mpaka nikapita, kama tunavyofanya siku zote tukibebeana vitu, akasema niweke juu pasipofikiwa na mbwa. Nilitaka anifokee. Nilimwambia samahani, akanipangusa unga begani akasema watoto wananingoja.

Alikaa mpaka mwisho. Alipiga makofi nyimbo zilipoimbwa, na Estie alipomletea chai akaipokea kwa shukrani. Wageni walipokuwa wakiondoka, Estie alinishika mkono akasema Ayala aje kwao chakula cha mchana Jumamosi, alale kabisa tangu Ijumaa wiki nyingine akipenda. Kisha akaniinamia sikioni.

"Najua haikuwa rahisi. Ulifanya vizuri, dada."

Hakuna tusi ambalo ningepewa siku ile lingeniuma kuliko sifa hiyo. Nilimjibu asante. Ayala usiku ule alilala na tabasamu, na sikuweza kumkasirikia mtoto wala mwalimu wake wala Estie, ambaye kusema kweli ni mtu mwema. Hasira ilizunguka nyumba nzima haikupata pa kukaa. Tammy nilipomsimulia alisema mtoe huko, leo leo. Darren alisema mtoto ana marafiki sasa, tumshukuru Mungu tuendelee. Wote wawili walikuwa sahihi, na wote wawili nilitamani wanyamaze.

Ijumaa Mama alikuja mapema kama kawaida yake, kunisaidia kupika kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Hili tumelifanya tangu nimeolewa. Huja, hufunga aproni, huchukua viazi bila kuambiwa, na usiku huendesha gari kurudi Benoni na sisi tunajifanya hatusikii geti likifunguliwa. Nilimsikia akimsalimu Ayala sebuleni, nikaendelea kukatakata vitunguu, nikingoja bega lake lije karibu na langu. Halikuja. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, hajaingia, mikono ameificha nyuma.

"Niambie nishike nini," alisema. "Sitaki kuwaharibia."

Alikuwa haigizi. Macho yake yalikuwa yanapita kwenye droo zangu, zile zenye utepe mwekundu na zile zenye utepe wa bluu, akijaribu kukumbuka ipi ya nyama na ipi ya maziwa. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika kisu. Nikamwambia asiseme hivyo, hapa ni kwake, ashike chochote anachotaka.

Uso wake ukalegea. Akaingia, akafunga aproni, akaniulizia shule kama vile hapakutokea kitu, akavuta droo ya maziwa na kuchukua kisu akakielekeza kwenye kuku.

"Si hicho, Mama," nikasema.