Mikono ya Chapuchapu

Mke wa mjukuu wangu ndiye aliyenihadithia haya, Jumapili iliyopita tukichambua mchele. Alicheka mpaka akamwaga nusu ya ungo.

Yeye ni fundi wa kudarizi, na kwa haraka zake wamempa jina la Chapuchapu. Asubuhi hiyo alikuwa na jezi kumi na moja za shule za kutia beji. Mwalimu wa michezo angezipitia saa nane. Asipozikuta, kazi zote za shule zingehamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Kompyuta inayoongoza cherehani yake ilikuwa imekata roho juma lile, akanunua mpya, nyembamba kama sahani. Saa nne akafungua programu ya michoro. Kimya. Akazima, akawasha. Kimya. Akazima tena, akampigia muuzaji.

"Umeniuzia sinia!"

"Tulia, dada. Watengenezaji wamebadilisha prosesa, ule ubongo wa ndani. Wa zamani ulikula umeme na kuchemka kama pasi. Huu hauna kelele, na chaji inakaa kutwa."

"Wao wamehamia nyumba mpya, vyombo vyangu wamevifungia kule kule! Nani aliniuliza?"

"Hata mimi sikuulizwa. Mteja mmoja kanirudishia, mwingine kaja kuchukua ya pili, na babu mmoja kaapa atazikwa na ile ya zamani. Sasa sikiliza. Programu yako inajua lugha ya prosesa ya zamani tu, lakini humo ndani mna mkalimani. Siku ya kwanza anaitafsiri yote, kisha anaihifadhi. Mpe robo saa. Ukimzima, anaanza upya!"

Robo saa! Chapuchapu, asiyengoja hata chai ipoe! Akawasha, akafungua programu, na dakika ya pili kidole kilishafika kwenye kitufe cha kuzima.

"Wifi, hebu lete mikono," akasema dada wa mumewe, anayefuma sweta kwenye kona ya duka hilo hilo. Akamvisha fungu la sufu viganjani, akaanza kulikunja liwe donge, polepole, makusudi.

"Unanitia pingu, wifi?"

"Nakutia adabu. Ukijichomoa uzi utatatana, na wa kuutatua ni wewe."

"Kaka yako alijua una roho hii?"

"Ndiye aliyenituma!"

Wakarushiana maneno hadi sufu ikaisha. Chapuchapu akageuka: simba wa beji ya shule huyo kwenye kioo cha kompyuta, masharubu yote kamili. Cherehani ikaanza kurindima.

Mwalimu alifika saa nane na nusu, akihema.

"Umechelewa, mwalimu," Chapuchapu akamwambia, jezi kumi na moja zimekunjwa mezani. Mwalimu akaomba radhi, akaagiza za netiboli pia.

Alipoondoka, Chapuchapu akafungua programu tena, amjaribu mkalimani. Kufumba na kufumbua, simba huyo.

"Wifi, njoo uone!"

Wifi alikuwa akikoroma, donge kifuani. Chapuchapu akamtazama, akavuta fungu jingine la sufu, akaliweka chini ya shavu lake mwenyewe. Dakika moja tu, akajisemea. Naye akalala.