Mwaka Mpya wa Wathai Ulivyomkuta Kiplagat

Siku mkewe alipoingia hospitalini Eldoret, Kiplagat alikuwa Guangzhou, ndani ya jumba la nguo la Guangyuan Xilu, ameshika jaketi la mtoto na kuuliza kama lina saizi ya mtu mzima. Ujumbe wa Caro ulikuwa umeingia yeye akikagua mzigo. "Uchungu umeanza. Naenda hosi. Nitakupigia." Baada ya hapo, kimya.

Mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu ndiyo iliyoshika, na daktari aliwaambia bado wiki kadhaa, ndipo Kiplagat akakubali kupanda ndege, anunue majaketi ya baridi ya Julai na kurudi mapema. Mtoto hakungoja.

"Hebu toka nje utembee," Mildred alimwambia. Alikuwa mfanyabiashara wa Nairobi, mkubwa kwake kwa umri, na ndiye aliyemfundisha kununua mzigo China. "Unazunguka hapa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Umemchosha hata laoban."

Laoban, bosi mwenye duka, alikuwa kweli ameacha kuwatandazia nguo, anamkodolea macho.

"Na Caro akipiga?"

"Simu si iko mkononi mwako? Nenda ukale kitu. Jaketi niachie mimi, dada yako."

Akatoka. Nje hewa ilikuwa nzito, yenye unyevu wa Aprili, na wapagazi walikuwa wakisukuma mikokoteni ya marobota wakipiga kelele watu wapishe. Kiplagat alitembea haraka bila kujua aendako. Kila baada ya hatua chache aliinua simu, akahakikisha mtandao upo, akairudisha mfukoni, akaitoa tena. Njaa hakuwa nayo. Alijaribu kuomba, maneno yakamkatikia katikati.

Kwenye mdomo wa kichochoro kimoja, mwanamke alimnyooshea kimfuko cha plastiki chenye kamba ya kuvaa shingoni. "Bu yao," Kiplagat alisema bila kusimama. Sitaki. Ndilo neno ambalo mgeni hujifunza kwanza kwenye masoko ya huko. Mwanamke akaionyesha simu ya Kiplagat kwa kidole na kusema jambo. Kiplagat akatazama juu, akaona mawingu lakini hakuna mvua, akapita.

Alisikia ngoma kabla hajaona watu. Mbele ya mkahawa wa Kithai kichochoro kizima kilikuwa kimelowa. Vijana waliovaa mashati ya maua walikuwa wakirushiana maji kwa bunduki za plastiki, wengine kwa ndoo, na mlangoni palikuwa na pipa la maji lenye mapande ya barafu yanayoelea. Akageuka arudi. Nyuma yake kundi lingine lilikuwa limeshaingia, linacheka, linasukuma. Mtu mmoja alimpaka unga mweupe uliokorogwa maji shavuni, mwingine akamtakia heri kwa lugha asiyoijua. Kiplagat aliinua simu juu ya kichwa akawa anapenya ubavu ubavu, na hapo hapo ikaanza kutetemeka. Caro. Aliishusha ili apokee.

Ndoo ya maji ya barafu ikamjia usoni.

Alipofumbua macho simu haikuwa mkononi. Ilikuwa chini, ndani ya dimbwi, na mtu alikuwa amesimama juu yake akicheza. Akaiokota. Kioo kiliwaka mara moja, kikazimika. Alibonyeza, akaipangusa kwa shati lililolowa, akabonyeza tena.

Mwanamke aliyemmwagia alikuwa bado ameshika ndoo, anacheka. Alimtazama vizuri, akaacha kucheka. "Kuna nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Mke wangu anajifungua," Kiplagat alisema. "Alikuwa ananipigia."

Mwanamke huyo, aliyeitwa Pim, ndiye mwenye mkahawa. Aliweka ndoo chini, akamshika mkono na kumpitisha katikati ya watu hadi jikoni, akampa kitambaa. Kisha akatoa simu yake kwenye kimfuko cha plastiki kilichoning'inia shingoni.

"Hii inapiga popote. Taja namba yake."

Kiplagat alianza kuitaja, akakwama. Namba ya Caro hakuwahi kuihitaji kichwani, jina lake lilikuwa pale juu siku zote. Akafikiri ya mama mkwe. Haikuja pia. Namba pekee aliyoijua ilikuwa yake mwenyewe, laini yake ya Kenya, aliyomwachia Caro nyumbani awe anajibu wateja. Akaibonyeza, vidole vinateleza.

Iliita sana. Kisha mwanamume akapokea.

"Hallo."

Kiplagat aliijua sauti hiyo papo hapo, akakaa kwenye gunia la mchele. Alikuwa Benjamin, kaka yake. Hawakuwa wamezungumza tangu kifo cha baba yao. Wakati ule pia Kiplagat alikuwa Guangzhou, akihangaika kupata ndege, akaomba wamngoje siku moja tu. Benjamin akazika. Kiplagat alifika akakuta udongo mbichi na viti vya kukodi vikipakiwa kwenye lori.

"Benja," alisema. "Ni mimi."

Upande wa pili palikuwa na mlio wa magurudumu ya kitanda. "Tumekupigia mpaka tumechoka," Benjamin alisema. "Mbona simu yako haiingii?"

"Imeingia maji. Caro yuko wapi?"

"Theatre. Mapigo ya mtoto yalishuka, wakasema wapasue. Amekupigia mlangoni kabisa, hukupokea, basi akaniachia simu."

"Nani alimleta?"

"Mimi. Aliniamsha alfajiri, teksi zilikuwa hazipatikani."

Kiplagat aliibana simu sikioni. Nje ngoma zilizidi. Pim alikuwa amesimama mlangoni akiwazuia wanaotaka kuingia na maji.

"Usikate," Kiplagat alisema.

"Sikati."

Wakakaa hivyo. Benjamin hakuwa msemaji, lakini alimweleza alichokiona: nesi amepita na mablanketi, mlango umefunguliwa, umefungwa, aliyetoka ni mtu mwingine. Kiplagat alisimama, akaenda hadi kwenye sinki, akarudi, akakaa, akasimama tena. Maji yalimtiririka miguuni yakafanya njia sakafuni. Mama mzee, mama yake Pim, aliacha kukata mboga akamwekea glasi ya chai ya moto, naye akaishika bila kunywa.

"Kipla," Benjamin alisema ghafla. "Ngoja."

Zikasikika sauti za wanawake, kisha kilio, chembamba, cha hasira.

"Ni msichana. Analia vizuri. Wanasema mama yuko sawa, wanamshona."

Kiplagat aliweka glasi chini. Alimwambia Pim kwa Kiingereza, Pim akamwambia mama yake, na mzee yule akachota maji yenye maua kutoka kwenye bakuli la shaba, akammwagia kidogo begani, taratibu, akisema maneno ya kubariki.

"Hizo ngoma ni za nini?" Benjamin aliuliza.

"Niko kwenye sherehe za mwaka mpya."

"Aprili hii?"

"Wa Wathai."

Benjamin akacheka, na Kiplagat akagundua alikuwa amekisahau kicheko hicho.

"Benja, ile siku ya kumzika Mzee..."

"Ukija," Benjamin alisema. "Ukija tutaongea. Saa hii nataka nimwone huyu mtoto."

Mildred alimkuta jioni kwenye ngazi za lile jumba, amelowa, ana unga shavuni, simu imekufa, akamgombeza vizuri kabla ya kuuliza habari. Alipozisikia alimkumbatia hivyo hivyo na maji yake.

Kiplagat alibadilisha tikiti, mzigo akamwachia Mildred ausafirishe. Benjamin alimpokea uwanja wa ndege wa Eldoret wakaenda moja kwa moja hospitalini. Njiani walizungumzia mtoto na barabara mbovu. Siku iliyofuata, Caro akiwa amelala, wakaendesha gari hadi nyumbani na kusimama kwenye kaburi la baba yao. Benjamin ndiye aliyeanza. Alisema mochari ilikuwa imewasukuma wautoe mwili, wazee nao wakamkazia azike, na yeye aliogopa kusema hapana. Kiplagat alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe. Alisema, "Ungenipigia tu," na Benjamin akajibu, "Najua."