Kichaka Kilichofyekwa kwa Ajili ya Mgeni Rasmi

Mwantum Hamza alikuwa na ulimi ambao mama yake aliuombea dua kila Ijumaa. Alipopangiwa kazi ya msaidizi wa misitu Kolo, mwaka 1991, watu wa milimani walimpokea vizuri, kwanza kwa kuwa alikuwa Mrangi wa palepale, na pili kwa kuwa aliwasema wakubwa zake bila kupepesa macho. Walimwita Bibi Miti. Mabwana miti walishapita wengi, wakaota vitambi wakaondoka, lakini bibi alikuwa wa kwanza.

Kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwamo kwenye barua yake ya ajira. Nyuma ya kijiji, pale korongo kubwa lilipoishia, palikuwa na chemchemi, na kuizunguka chemchemi palikuwa na kichaka kizito cha ekari tatu hivi. Zamani pale palikuwa udongo mwekundu mtupu. Mvua ikinyesha, ardhi ilikwenda na maji. Mwaka 1979 Serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe kwenye milima ile. Watu waliswaga ng'ombe wao wakilia, wengine hawakuwaona tena. Ardhi ikapumzika, ikaota. Kila Jumamosi Mwantum alikwenda pale na daftari na magazeti ya zamani ya kukaushia majani, akaandika mmea mmoja baada ya mwingine. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 1996 alikuwa na aina mia moja arobaini na saba. Moja hakuiona katika kitabu chochote: kijiti cha kufika kiunoni, chenye maua ya zambarau iliyofifia. Wafugaji walikiita kijiti cha ndama, kwa sababu ndama akiharisha alipewa majani yake. Alikausha tawi moja, akalituma kwa basi hadi Dar es Salaam, kwa Profesa Batholomeo, aliyewahi kumfundisha mimea chuoni.

Mwezi wa tano ikaja habari kutoka Dodoma. Nchi ilikuwa imeridhia mkataba wa mataifa wa kuhifadhi viumbe na mimea, wafadhili walikuwa wametoa magari, na mpango wa taifa ulitakiwa uzinduliwe. Mahali pa uzinduzi palikuwa Kolo, kwenye chemchemi. Pamechaguliwa, barua ilisema, kwa sababu ya uoto wake wa asili.

Barua hiyo aliileta mratibu wa mpango mwenyewe, Bwana Raphael, ndani ya gari jeupe ambalo viti vyake vilikuwa bado vimevikwa nailoni ya kiwandani. Raphael alikuwa mratibu kwa kuzaliwa. Kabla ya mpango huu aliratibu vyoo bora, na kabla ya vyoo aliratibu ufugaji wa nyuki. Hakuna aliyepata kukiona choo wala kuionja asali, lakini taarifa zake zilikuwa na majalada mazuri sana.

Mwantum alimpeleka kwenye chemchemi. Raphael alisimama kando, akijipepea kwa faili, akichunga suruali yake isiguswe na miiba.

"Pazuri," alisema. "Tatizo pamejaa pori."

"Hilo pori ndilo bayoanuwai, Bwana Mratibu."

"Najua, najua. Lakini hema litakaa wapi? Mgeni rasmi atashukia wapi? Na eneo la kupanda miti?"

"Miti gani?"

"Miche mia sita ya mikaratusi. Inatoka kwenye kitalu cha shemeji yangu, miche safi kabisa."

Mwantum akacheka, akidhani ni mzaha. Mwenzake hakucheka.

"Unataka kufyeka miti ili upande miti?"

"Dada Mwantum, usiwe mgumu. Hivi ni vichaka. Ile ni miti."

"Mkaratusi unakunywa maji kama mgonjwa wa homa. Ukiupanda hapa, chemchemi hii miaka mitano haimalizi. Uwanja wa shule upo, mtupu, tambarare, hata helikopta inatua. Fanyeni sherehe pale, wageni waletwe huku kwa miguu waone."

"Kwenye picha uwanja utaonekana uwanja," alisema Raphael kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Wafadhili wanataka kuona maji."

Usiku ule Mwantum hakula. Asubuhi aliandika barua ya kurasa mbili kwenda wilayani, akaambatanisha orodha ya mimea yote, akaipeleka Kondoa mwenyewe. Jibu lilikuja baada ya siku nne, mstari mmoja: maoni yako yamepokelewa.

Jumanne ya wiki ya uzinduzi trekta likaja, na vibarua ishirini wenye mapanga.

Mwantum alifika mbio akiwa na kandambili mguuni. Baba yake mdogo, Mbwana, alikuwa ameshatangulia, amesimama peke yake mahali mvumo wa trekta ulipovuma zaidi, mikono nyuma.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

Miaka kumi na saba kabla ya siku ile Mbwana alikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja. Aliwaswaga kuelekea Kiteto kwa amri ya Serikali, akarudi na fimbo tu. Sasa alitazama mkuyu mchanga ukilalia upande, ukaanguka.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilinyang'anywa ng'ombe ili hapa paote. Nikanyamaza. Nikasema, basi, watoto watapata maji. Leo wanafyeka ili watu waweke viti. Wangeniambia mapema kwamba ni kwa ajili ya viti, ningewaficha ng'ombe wangu."

Mwantum alimwendea dereva wa trekta, akamsimamia mbele. Dereva akazima mashine, akashuka, akamwonyesha karatasi yenye mhuri. Hakuwa mtu mbaya. Alisubiri hadi Mwantum alipomaliza kutukana, akapanda tena, akawasha. Kufikia alasiri palikuwa peupe kama paji la uso.

Alhamisi magari yalipanga mstari toka barabarani hadi chemchemi. Watu waligawiwa fulana na kofia zenye maneno ya kuhifadhi uhai. Wahudumu wenye tai walipita wakigawa maji ya chupa, hatua thelathini kutoka kwenye maji yenyewe. Watoto wa shule waliimba. Raphael aliruka huku na huku na kipaza sauti, akilitamka neno bayoanuwai kila mara kwa namna tofauti, na hakuna mara moja aliyolipatia.

Katikati ya hotuba ya ukaribisho, mtu alimshika Mwantum bega. Alikuwa Profesa Batholomeo, amekonda, mfuko wa mbao za kubania majani ukining'inia kwapani.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti yangu. Lile tawi lako nimelizungusha kwa wenzangu wote. Hakuna anayelijua. Nimekuja kwa ajili yake, hizi hotuba mimi hazinihusu. Nionyeshe."

"Ulikuwa umekaa wapi?"

"Pale, mstari wa tatu."

"Basi ulikuwa umekikalia."

Profesa alifikiri hakusikia vizuri. Akarudi kwenye kiti chake, akakisogeza. Chini palikuwa na kishina cha unene wa kidole, kimekatwa kwa mshazari, kimeanza kukauka. Alichuchumaa katikati ya wakubwa waliovaa suti, akakigusa, akakaa vilevile bila kuinuka.

Mgeni rasmi, kiongozi mmoja wa ngazi za juu, alipomaliza kusoma hotuba yake, aliamua kuzungumza na wananchi kidogo. Akamwona Mwantum, mwanamke pekee mwenye sare ya misitu.

"Hebu tuambie, mama. Eneo hili la chemchemi lina aina ngapi za mimea ya asili?"

Raphael alitabasamu na kumsogezea kipaza sauti. Mwantum alikipokea.

"Kumi na moja, mheshimiwa. Hadi Jumanne zilikuwa mia moja arobaini na saba."

"Safi sana!" alisema mgeni rasmi. "Hongereni. Endeleeni na juhudi hizo hizo."

Hema zima likapiga makofi. Wafadhili, waliotafsiriwa neno la mwisho tu, nao wakapiga makofi. Mwantum alisimama na kipaza sauti mkononi, akaona kwamba hasira zake zote za wiki nzima zimepita katikati ya watu hawa bila kumgusa hata mmoja. Angeweza kukaa. Kiti kilikuwepo.

"Mheshimiwa," alisema, polepole sasa, "hukunielewa. Nilisema tulikuwa na mia moja arobaini na saba. Zimefyekwa kwa trekta ili wewe upate kivuli cha turubai. Chini ya viti hivi palikuwa na mti ambao profesa huyu ametoka Dar es Salaam kuufuata. Wazee hawa walinyang'anywa ng'ombe ili uote. Sisi hatukuhitaji mje. Mngekaa hukohuko Dodoma, mngekuwa mmehifadhi."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mbwana, nyuma kabisa, alivua kofia ya bure akaiweka chini. Raphael alinyakua kipaza sauti, akaita ngoma, na ngoma ikaanza. Mche wa kwanza wa mkaratusi ukapandwa, picha zikapigwa.

Barua ya uhamisho ilimfikia baada ya wiki tatu: aende Gulwe, kule relini, mara moja. Mama yake alilia. Mwantum alifunga magazeti yake ya majani kwenye sanduku, akaondoka na roli la vitunguu, akiogopa mbele aendako na papo hapo akijisikia mwepesi, hali ambayo hakuitarajia.

Mikaratusi haikufika masika. Ijumaa moja, baada ya sala, wanaume wa Kolo walikwenda chemchemini mchana kweupe, wakaing'oa yote mia sita. Wilaya ilipouliza, mtendaji wa kijiji aliandika kwamba imeliwa na mchwa. Kichaka chenyewe kilichipua kwa mashaka. Mimea mingi ilirudi, mingine haikurudi, na kijiti cha ndama hakuna aliyekiona tena. Kilichobaki ni tawi lile kavu, ndani ya kabati la chuo.

Mwaka uliofuata Mwantum alirudi nyumbani kwa Iddi, akamkuta baba yake mdogo na hadithi. Kijiji kilikuwa kimezungushia chemchemi uzio wa miiba, na kupitisha kwamba gari lolote, hata la Serikali, linaishia barabarani. Raphael alikuja na watathmini wawili. Mbwana mwenyewe ndiye aliyewazuia. Wakatembea juani hadi chemchemini, viatu vya mratibu vikajaa vumbi.

"Walipoona uzio," Mbwana alisema, "yule bwana akawaambia wageni kwamba ni matunda ya mpango wake. Wakaandika. Wakapiga picha."

"Na wewe ukamwacha?"

"Aandike. Mradi gari lilibaki barabarani." Akamsogezea sahani ya pilau. "Kula. Huko Gulwe wanakupikia nini, mbona umekonda hivyo?"